Mbao za Benki

Odiel Pylyser alikuwa mtia makaa melini, na tanuri ilikuwa imemwivisha uso hata watu wa soko la samaki pale Ostende wakambandika jina la Kamba wa Kuchemsha. Mkewe, Zulma, aliyeuza kamba gatini, hakuona haya hata kidogo. "Wengine nawachemsha mwenyewe," alikuwa akisema, "huyu nilimpata kashaiva."

Meli ya Odiel ilikuwa ndogo, zamani ikipeleka marubani wa bandari, waongoza meli, kwenye meli kubwa zilizongoja nje ya bandari. Vita vilipokaribia waliipaka rangi ya kijivu, wakaifungia mzinga mmoja mbele, wakaiita meli ya doria. Mwezi Mei 1940, Wajerumani walipoingia Ubelgiji, yalikuja malori gatini mchana kweupe, yamezungukwa na askari. Mabaharia waliamriwa kupakua makasha na kuyaingiza melini. Yalikuwa madogo, lakini kila moja liliwakunja magoti wanaume wawili.

Zulma alipenya katikati ya umati wa wakimbizi, aproni bado kiunoni, akamtupia mumewe furushi la mkate.

"Mnabeba nini?"

"Misumari."

"Misumari gani inalindwa na bunduki? Unanidanganya mimi, Odiel?"

"Panda, twende. Nitamwomba nahodha."

"Nimwachie nani mama yako? Miguu yake unaijua." Alimfuta masizi shavuni kwa kidole gumba. "Nenda na misumari yako. Ifikishe, halafu urudi. Usipofanya yote mawili usiniite mke."

Odiel alishuka chini kwenye boila bila kugeuka nyuma, maana alijijua, angegeuka, asingeondoka.

Waliondoka na makaa nusu, kwa sababu ghala la makaa lilikuwa limepigwa bomu. Haikuonekana shida, kwani walikuwa wakienda bandari ya karibu ya Wafaransa. Walipoikaribia waliikuta inawaka moto, wakaamriwa kwa ishara za taa waendelee mbele hadi bandari nyingine. Njiani ndege ziliwafukuza, meli ikapinda huku na huko kama sungura, na kila kona ilikula makaa.

Kisha wakaona boti ya uvuvi, injini imekufa, imejaa watu. Nahodha Ghyselen akapunguza mwendo.

Bwana Daneels, afisa wa benki aliyesafiri na makasha yale, akatoka mbio na kola yake nyeupe. "Nahodha! Amri inasema tusisimame kwa lolote!"

"Aliyeiandika hakuwa baharini. Watupieni kamba, tuwavute."

Kuvuta boti ile kulimaliza makaa haraka. Odiel akapanda juu, jasho linamchuruzika.

"Nahodha, hatufiki."

"Nikate kamba?"

Odiel akatazama nyuma. Kwenye boti, mama mmoja aliyevaa aproni alikuwa akianika nepi kwenye nyavu, kana kwamba yuko uani kwake.

"Usikate. Nipe mbao. Mbao zozote."

Wakang'oa mabenchi, vitanda, milango na meza ya nahodha. Odiel alilisha tanuri vyote, presha ikapanda, ikakaa kidogo, ikaanza kushuka tena. Nchi kavu ilikuwa imeanza kuonekana, bluu hafifu, na mawimbi yalikuwa yanawasukuma pembeni kuelekea miambani. Odiel akaenda mlangoni mwa stoo, akamkuta Bwana Daneels amekalia kasha.

"Bwana, nahitaji ulichokalia."

"Una wazimu? Yamepigwa lakiri ya benki! Nikikabidhi bila lakiri, nitaitwa mwizi."

"Dhahabu yako sitaigusa. Nataka mbao tu. Meli ikipasuka mwambani, utaikabidhi kwa samaki."

Daneels akachukua shoka mkononi mwa Odiel, akapasua lakiri ya kwanza yeye mwenyewe. "Nitasema niliamuru mimi," alisema. "Wewe choma."

Walipasua kasha baada ya kasha. Dhahabu ikalala uchi sakafuni, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuitazama. Daneels alivua koti, halafu kola, halafu shati, akawa anampokeza Odiel mbao mlangoni mwa tanuri.

"Kumbe watu wa benki nao wanatoka jasho!" Odiel akapiga kelele.

"Tia moto, bwana, acha maneno!"

Viganja vya Odiel vilibabuka mpaka mpini wa koleo ukaloa damu. Akavifunga kwa soksi, akaendelea. Waliingia bandarini wakienda mwendo wa kobe, boti ya uvuvi ingali nyuma yao. Askari wa Kifaransa waliofungua stoo walibaki midomo wazi. Hakikupungua hata kipande, na Daneels alisema kama alivyoahidi. Wakubwa zake walimkaripia, kisha wakamwacha.

Odiel alimaliza vita katika meli ileile, akiwa upande wa Waingereza, bila kupata neno lolote kutoka nyumbani. Aliporudi Ostende, nyumba yao ilikuwa na ukuta mmoja tu. Alimkuta Zulma sokoni, amekonda, akigombana na mnunuzi.

"Ulifikisha?" akauliza, kabla hata ya kumkumbatia.

"Nilifikisha."

Hapo ndipo alipolia, Zulma ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia. Mama mkwe alikuwa amefariki kitandani, miguu yake imekandwa na mkwewe hadi siku ya mwisho. Wakahamia chumba juu ya duka la nyavu, na Odiel akarudi kutia makaa, maana meli zilikuwa zimeanza kuingia tena na kulikuwa na kazi nyingi.