Mbwa Asiyebweka wa Njia ya Nyarugusu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa barua. Nilipewa baiskeli, na kabla sijaigusa, karani mkuu wa ofisi yetu pale Shinyanga aliitazama miguu yangu peku, akasema, "Hii ni mali ya kampuni. Wewe ukiumia tutaajiri mwingine. Kwa hiyo ukitokewa na mbwa, shuka. Ukikimbia utaanguka, na ukianguka utapinda rimu."

Ndivyo nilivyoingia utarishi, miaka ya arobaini ikielekea ukingoni, katika kampuni ya dhahabu ambayo jina lake sitaki kulitia mdomoni. Vijana wa leo mnadhani tarishi ni mtu wa kuleta chai. Sisi tulibeba barua zilizopigwa lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri, na ole wako ikivunjika njiani. Adui yetu hakuwa simba. Kila mji wa Wasukuma ulikuwa na uzio wa minyaa, na nyuma ya minyaa mbwa watatu wanne wa kuchungia ng'ombe, ambao hawajapata kuona mtu anayekwenda mbio huku amekaa.

Katika njia za Tinde na Kagongwa nilijifunza kazi. Unashukia upande wa pili, baiskeli inabaki kati yako na mbwa, unatembea polepole bila kumkodolea macho. Hapigwi, maana mwenye mji anakutazama. Mbwa akiona umekuwa mtu wa kawaida, anabweka kidogo na kurudi kivulini. Niling'atwa mara mbili tu, zote kwa sababu ya kiburi cha kukanyaga pedeli. Nikaamini kwamba karani yule, pamoja na roho yake mbaya, alisema kweli.

Baadaye nikahamishiwa upande wa Geita, nikafanywa mnyapara wa matarishi. Chini yangu alikuwapo Lufega, mtu wa Tinde, mcheshi, baba wa mtoto mmoja aitwaye Kabula. Nilimfundisha kushuka kama nilivyofundishwa mimi.

Masika moja tulitumwa wawili kambi ya Nyarugusu, tusaidiane kuvusha baiskeli mitoni. Tulipokaribia kambi, mbwa mwekundu alitoka kichakani. Hakubweka. Alikuja upandeupande, mate yakimtiririka. Lufega, aliyekuwa mbele, akaanza kukanyaga kwa nguvu, na njia pale ilikuwa inateremka. Angempita yule mbwa. Mimi nikapiga kelele, "Shuka, Lufega! Shuka!"

Akashuka, maana mimi ndiye mkubwa wake. Mbwa akapenya chini ya baiskeli, akamng'ata shavu la mguu. Wachimbaji wakaja na machepe wakamuua mbwa yule.

Tulifikisha barua huku damu inamtoka. Meneja wa kambi aliifungua palepale mlangoni, akaisoma, akamwita mpishi wake. "Mfungie mbwa wangu ndani, sasa hivi! Bwana Mifugo anasema kuna kichaa cha mbwa huku."

Onyo tulikuwa tumelibeba wenyewe mgongoni, limepigwa lakiri.

"Bwana," nikasema, "mwenzangu ameng'atwa."

Aliutazama mguu akiwa mbali. "Rudini kwa bwana wenu. Nyinyi si watu wa kambi hii."

Bwana wetu naye, meneja msaidizi, hakuinua hata kichwa. "Sindano ziko Mwanza. Lori linakwenda mwisho wa mwezi. Kidonda chenyewe kidogo."

Kesho yake Lufega alinifuata. "Kaka, nipe ruhusa nichukue baiskeli niende mwenyewe. Huu mguu nauogopa."

"Ukiichukua bila kibali watakufukuza," nikamjibu. "Subiri lori."

Niliogopa kufukuzwa mimi. Hilo la kufukuzwa yeye lilikuwa maneno tu. Kidonda kikafunga, akarudi kazini, tukacheka. Kabla mwezi haujaisha akaanza kuyakimbia maji, hata ya kunawa, na siku tatu baadaye akafa amefungwa kamba kitandani. Siku hiyo lori likapatikana, likatupeleka mimi na jeneza hadi Tinde.

Nimestaafu kwa heshima. Nilikabidhiwa saa ya ukutani, nikapigiwa makofi, nami nikawashukuru wakubwa kwa hotuba ndefu. Mnaponiuliza kazi ya zamani ilikuwaje, mnataka niseme tulikuwa na nidhamu. Tulikuwa nayo. Ninaichukia. Mabwana wale nimewalaani miaka yote, na wanastahili, lakini hakuna bwana aliyekuwapo kwenye mteremko ule.

Mama Kabula bado yuko Tinde. Nikipita ananiandalia kiti, ananipa maziwa, na kila mara ananiambia, "Asante, shemeji. Wewe hukumwacha mwenzako, ulimleta nyumbani."

Nami humwitikia, "Ndiyo, shemeji," nikanywa maziwa yake.