Jina la Kibao na Jina la Watu

Juzi, kwenye stendi ya bodaboda mjini Kitale, mama mmoja aliyewasili kutoka Bungoma na godoro lililokunjwa alimwambia mwenye pikipiki, "Nipereke Mandhari Njema."

"Huko sikujui, mathe."

"Ni maghorofa mapya. Kibao kikubwa kiko kwa geti."

"Aah! Si useme Kwa Madam!"

"Madam gani? Kibao kinasema Mandhari Njema."

"Kibao ni cha jana, bana. Hapo ni Kwa Madam."

Nilikuwa nyuma yao nikingoja zamu yangu. Madam alikuwa mke wangu. Tulipojenga huko, nyumba yetu ilikuwa peke yake katikati ya mahindi, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, kila mgeni alielekezwa kwake. Sasa ghorofa zimeziba jua hadi nguo zangu hukauka kwa kubahatisha, na mwenye ghorofa anataka mtaa mzima uitwe kama kibao chake. Mandhari yenyewe, kutoka dirisha lolote, ni ukuta wa jirani.

Yule mama alipanda, akakumbatia godoro lake. "Na huyo Madam bado anakaa huko?"

"Anakaa, bana. Ataenda wapi? Angehama tungesikia."

Wakaondoka. Mke wangu alifariki mwaka jana. Mimi ni mtu wa kusahihisha Kiswahili cha wenzangu hata wasiponiomba, lakini maneno hayo niliyaacha kama yalivyo.