Kengele ya Mama Kule Buffalo

Kambini Tanzania, tulikokimbilia kutoka Burundi, Baba ndiye aliyepiga kengele ya kanisa. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye nguzo, naye akiigonga kwa kipande cha nondo. Mtu akifa, aligonga polepole, pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake, na watu walisimama popote walipokuwa wakahesabu. Ila palikuwa na mwiko: mfiwa hagongi kengele ya msiba wake. Mama alipofariki, msaidizi wa Baba, mwingine pekee aliyeruhusiwa kugonga, alikuwa safarini, na Baba hakukubali kuvunja mwiko. Tukamzika Mama kimyakimya. Jambo hilo lilimkaa Baba rohoni miaka zaidi ya ishirini.

Marekani nako hakukuwa na dawa. Kanisa letu la Okolona, Louisville, ni chumba cha kupanga kati ya duka la matairi na saluni. Kengele itoke wapi? Kiangazi cha 2015, binamu yangu wa Lackawanna, jirani na Buffalo, akanipigia simu: kule Buffalo kuna kanisa kuu la Kianglikana, la zamani, la mawe, limejengwa Kiingereza hasa, na Jumamosi wageni hupandishwa mnarani wakavuta kamba. Nikaomba ruhusa ghalani ninakopakia maboksi, nikamweka Baba kwenye gari. Tulilala Columbus kwa shangazi, maana magoti ya Baba hayataki safari ndefu.

Aliyetupokea mnarani alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Uingereza, nywele nyeupe pe, miguuni raba. Ngazi zilikuwa nyembamba, za kuzunguka, na Baba alizipanda akishika ukuta, akipumzika kila tulipofika kwenye dirisha. Tukaingia chumba cha kamba. Kengele zenyewe zilikuwa juu ya dari. Bibi akamwekea Baba kamba mkononi. Baba akairudisha.

"Si mimi," akasema. "Mfiwa hagongi."

Jamani, hasira zilinipanda! Nikaona mbio za sakafuni zinaishia ukingoni.

"Baba! Siku mbili barabarani! Kumbe umekuja kutalii?"

"Nimekuja mama yako agongewe. Mwambie huyu bibi."

"Amgongee mtu asiyemjua, mapigo yote hayo? Usinitie aibu, Baba."

"Wewe tafsiri tu."

Nikatafsiri huku nimenuna, macho kwenye raba za bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kijijini kwao babu yake aligonga hivyohivyo, miaka ya marehemu, na watu waliokuwa shambani walisimama wakahesabu. Akavua koti. Akauliza marehemu alikuwa na miaka mingapi.

"Arobaini na saba," nikajibu. Ndivyo karani wa kambi alivyoandika kwenye cheti, nami sikuwahi kuuliza zaidi.

Nilipomtafsiria Baba hesabu hiyo, akatikisa kichwa. "Yule karani alikisia. Mwambie aanze, nitamwonyesha pa kuishia."

Bibi akavuta. Mlio ulishuka kutoka darini ukanipita mpaka kwenye nyayo. Baba alihesabu kwa Kirundi, midomo tu ikicheza, machozi yakimtoka na wala hayafuti. Mimi nilihesabu kwa Kiswahili. Kufika ishirini hasira zilikuwa zimekwisha, nalia na mimi. Thelathini. Thelathini na tano. Nilijua bado tuna mwendo.

Kwenye thelathini na sita Baba akainua mkono.

Bibi akaituliza kamba. Nilidhani Baba amepotea hesabu.

"Baba, bado."

"Hakuna bado. Ni hiyo. Pole, mwanangu."

Mimi mwaka ule nilikuwa na arobaini. Miaka yote hiyo nilimfikiria Mama kuwa mtu mzima, aliyenitangulia mbali, wa kunikaripia hata leo. Nilikuwa nimeshampita na sikujua. Nikashuka zile ngazi nikimlilia Mama kama mtu anavyomlilia mdogo wake.