Vipandio vya Nyumba ya Pampu

Babu yake Marrigje alikuwa akitoka majanini na kuingia nyumbani bila kuinua mguu. Baba yake, Krijn, alijenga kipandio cha kwanza mlangoni, kisha cha pili. Cha tatu alikijenga Marrigje mwenyewe, kwa matofali yaliyobaki baada ya kubomoa banda la nguruwe. Nyumba haikupanda. Ilisimama palepale juu ya nguzo zake za mbao, zilizoshuka hadi kwenye mchanga mgumu. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikiondoka, taratibu, kama mgeni anayeaga bila kutaka kuwaamsha wenyeji.

Na waliokuwa wakiiondoa ni wao wenyewe, baba na kisha binti, watunza pampu wa bonde la Kalverbroek. Udongo wa pale ni mboji, hunyonya maji kama mkate uliochovywa kwenye kahawa. Ukiyavuta maji, ng'ombe hupata pakavu pa kukanyaga. Lakini mboji ikikauka husinyaa, ardhi hushuka, maji huyakaribia majani tena, na Baraza la Maji hukaa likaamua kuyavuta zaidi.

Baraza lilikuwa la wakulima watano, kwa sababu mifereji mikubwa iliyofika kwenye pampu ilikuwa mitano na kila mfereji ulitaka mtu wa kuusemea. Walikutana sebuleni kwa Krijn, kwenye meza ndefu na jiko la makaa, baada ya kukamua asubuhi, na walimaliza kabla ya kukamua jioni. Hoja iwe nzito vipi, kiwele kikijaa watu waliondoka.

Marrigje alikua chini ya meza ile. Aliwajua wajumbe kwa soksi zao kabla ya kuzijua sura zao. Viatu vyao vya mbao vilipangwa nje, kwenye kipandio, na sebule ilinuka sufu mbichi na sigara. Mama yake alimpa kila mtu biskuti moja, kisha akafunga kopo. Hadi leo, akisikia sufu iliyonyeshewa na mvua, Marrigje humwona baba yake akichochea makaa.

Krijn alipofariki, Marrigje aliomba kazi yake. Wajumbe walikohoa, wakatazamana. Mwenyekiti, Mzee Wulfert, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ndiye aliyekata shauri: "Pampu haijui sketi wala suruali. Mpeni binti funguo, tukakamue."

Kisha yakaja matrekta. La kwanza lilikuwa la Teunis, kijana mwembamba wa mfereji wa mashariki, nalo lilizama hadi kwenye ekseli siku ileile alipolileta. Bonde zima lilikwenda kutazama. Kwenye kikao kilichofuata Teunis alitaka maji yashushwe.

Marrigje alikuwa akimimina kahawa. "Maji yakishuka, vichwa vya nguzo za nyumba hii vitakuwa hewani," alisema. "Mbao ikikaa majini haina neno. Ikipata hewa inaoza."

"Nyumba ni yako, dada," Teunis alisema. "Bonde ni letu sote."

"Baraza ni la mashamba, binti," Mzee Wulfert alisema kwa upole, akinyoosha kikombe. "Milango na madirisha hayamo."

Yakashushwa. Aliyeuvuta mkono wa mashine ni Marrigje, maana ndiyo kazi iliyomlisha. Kufikia masika ufa ulikuwa umepanda ukutani hadi darini, na mlango wa sebule ulitaka kusukumwa kwa bega. Na Teunis alikuwa amekwisha kutangaza kwamba siku ya ukaguzi wa mifereji ataomba maji yashushwe tena. Marrigje alijua kwamba nyumba haitaimudu mara ya pili.

Siku ya ukaguzi, kila vuli, wajumbe walivaa suti za kanisani na viatu vya mbao, wakapita mfereji kwa mfereji. Kuonekana na magugu mferejini ilikuwa aibu ya mwaka mzima. Baadaye walikula supu ya njegere kwa Marrigje, ndipo wakakaa kikao. Siku ile upepo ulikuwa mkali. Mtu wa mwisho alipoingia sebuleni, mlango ulijibamiza nyuma yake, na nyumba yote ikaguna.

Walikula supu iliyokwisha pakuliwa mezani, wakabishana. Walipokaribia kupiga kura, ng'ombe wakaanza kulia huko nje.

"Huyo wangu," Teunis alisema akiinuka. "Tupige kura haraka, twende." Akashika kitasa. Mlango haukutikisika.

"Sukuma!"

"Nasukuma!"

"Unasukuma au unauegemea? Hebu toka hapo."

Mzee Wulfert naye aliweka bega. Wapi! "Marrigje! Tufungulie, binti!"

Marrigje alikuwa ukumbini, upande wa pili wa mlango, na sahani mikononi. "Haujafungwa, mzee. Umekwama."

"Sasa fanya kitu!"

"Baraza ni la mashamba," alisema. "Milango haimo."

Mtu mmoja akaanza kucheka, na ng'ombe wakazidi kulia.

Ikabidi watoke dirishani. Teunis aliteleza nje kama samaki mkunga. Mzee Wulfert alifika nusu, tumbo likakataa.

"Vuta pumzi, mzee!"

"Nimeshavuta, mshenzi wewe, ndiyo maana nimejaa!"

Akiwa ananing'inia pale, kichwa chini, aliona mahali ardhi ilipoachana na ukuta, na ndani ya pengo hilo kichwa cha nguzo, cheusi. Akanyoosha mkono, akakibonyeza. Kidole kikazama kama kwenye jibini laini.

Walipomtoa alikaa majanini, suti imepasuka bega. "Mbona hukutuambia, binti?"

"Niliwaambia. Mlikuwa mnakunywa kahawa."

Kikao kiliishia uani, watu wamesimama, na kilikuwa kifupi kuliko vyote. Maji ya mashamba yatashushwa, lakini mfereji unaoizunguka nyumba ya pampu utazibwa kwa tuta dogo ubaki na maji yake, na nguzo zilizooza zitabadilishwa. Teunis alitakiwa kuleta udongo wa tuta. Akauleta, kwa trekta lile lile.

Nyumba ikasimama, na Marrigje akabaki ndani yake.

Baraza halipo tena. Lilimezwa na baraza kubwa la mjini, na pampu inawashwa na mashine iliyo mbali. Mashamba yamezidi kushuka, na gruto, wale ndege wa miguu mirefu wanaopenda unyevu, hutua sasa kwenye uwanja wa Marrigje tu.

Kipandio cha nne alikijenga Teunis, akiwa mzee. Bado huja kunywa kahawa kabla ya saa ya kukamua, ingawa hana tena ng'ombe. Huacha viatu vyake vya mbao nje, hupewa biskuti moja, na hukaa akitazama mlango wa sebule, ambao tangu siku ile Marrigje hajaufunga.