Mwanangu Alipata Alama kwa Tundu la Makosa

Admin, ficha jina langu, lakini Karagwe iache. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wa umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Nina miaka sitini na sita. Nilifundisha fizikia sekondari hadi kustaafu, na sasa nalima kahawa na migomba Nyabiyonza. Kijana wangu wa mwisho amemaliza uhandisi mitambo chuo kikuu, mwezi ujao anavaa joho. Kila nikimtazama napata kinyaa, na ni mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Niwaeleze kwanza, maana si wote mnaijua fani hiyo. Mwaka wa mwisho mwanafunzi lazima abuni kitu chake. Anachora, anapiga hesabu, ndipo anatengeneza. Mchoro unatangulia, chuma kinafuata. Kijana wangu alichagua mashine ya kukamua juisi ya ndizi, kwa sababu huku kwetu wanaume bado wanakanyaga ndizi kwa miguu, pamoja na nyasi, ndani ya mtumbwi wa mti, kabla juisi haijachachushwa kuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilijivuna mpaka kwa wazee wa usharika.

Sasa, Bugene kuna fundi wa kuchomelea, nimwite Deo, ingawa si jina lake. Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye shule iliishia darasa la saba. Mashine ya namna hiyo alikuwa ameshaiunda miaka miwili kabla, kwa kichwa chake tu. Nilikuwepo siku anatoboa silinda. Alikosea kupima, akatoboa tundu pasipohusika. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hili nimewatobolea nzi." Papo hapo umeme ukakatika, akashindwa kuliziba kwa kuchomelea. Akachonga kipande cha mkaratusi, akakigongomea humo, na kikabaki hivyo.

Kijana aliporudi kutoka chuoni alinikabidhi ripoti yake iliyojalidiwa vizuri, nijionee. Nikafungua ukurasa wa mchoro. Tundu lile lipo. Limepimwa kwa milimita, na kizibo chake cha mti kimechorwa. Maelezo yanasema ni tundu la kupunguzia presha, yakifuatiwa na ukurasa mzima na nusu wa hesabu. Nilizipitia zote kwa kalamu. Hesabu zilikuwa sahihi, na hapo ndipo nilipochefukwa zaidi. Alikwenda na futi kwenye mashine ya Deo, akaichora kinyumenyume, chuma kwanza mchoro baadaye, asijue kipi ni akili na kipi ni kosa, kwa kuwa hakuna alichokifikiri yeye. Wahadhiri walimpa alama ya juu, wakalisifu hasa tundu.

Nilipomuuliza hakutahayari. Alisema darasani kwao wengi wanafanya hivyo, wengine wananunua kabisa kwenye gereji. Kisha akaniambia, "Baba, yule fundi hajui hata presha inapigiwaje hesabu. Mimi nimeipa elimu mashine yake." Nilitoka nje nikatema mate. Baadaye nilimtaka akakiri mwenyewe chuoni. Akaniuliza kama ninapenda arudi kukanyaga ndizi.

Ingekuwa ni alama tu, pengine ningenyamaza. Lakini kuna mradi wa wakulima unaotaka mashine hizo kwa vikundi vya Kyerwa, na Jumatatu kijana anakwenda Rubwera kusaini mkataba kama mbunifu, kwa nguvu ya ripoti ile ile. Deo amewekewa kazi ya kibarua, achomelee kwa maelekezo ya mwanangu.

Nilikwenda Bugene kumweleza. Alisikiliza huku akipangusa tupa yake kwa kitambaa, halafu akasema, "Nilimwona akipima. Nikajua anajifunza." Aliniomba nisimharibie kijana, mtoto ni wetu sote. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Mwalimu, ila mwambie hizo nyingine wasizitoboe lile tundu. Linavujisha."

Barua ya kwenda chuoni nimeshaiandika, iko ndani ya Biblia yangu. Nikiituma, joho halitavaliwa, na mama yake sidhani kama atanisamehe. Nisipoituma, Jumatatu kazi ya Deo inakuwa ya mwanangu kwa sahihi, na mimi niliyeona kila kitu nitakuwa shahidi aliyekaa kimya. Msinipoze kwa kuniambia damu ni damu, hilo nalijua. Niambieni wazi, ninyi mlio wazazi na ninyi mlio wanafunzi: barua hii niipeleke kabla ya Jumatatu, au niichane?