Utepe Mwekundu Kwenye Mashine ya Irja

Irja Lehtonen alikuwa akinoa vyuma vya viatu vya timu yetu ya hoki ya barafu hapa Thunder Bay, Kanada, na mimi nilikuwa nikifua jezi. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba hivi kwamba alipopiga chafya, mimi ndiye niliyemwambia "afya".

Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, si msemaji, kucha zimejaa vumbi la chuma. Kazi aliirithi kwa baba yake, marehemu Toivo, ambaye alinoa miaka ishirini na minane bila mchezaji hata mmoja kuanguka kwa kosa lake. Kocha Pelletier hakuacha kuwasimulia wageni habari hiyo. Irja alikuwa akiinamisha kichwa ikitajwa, lakini nilijua anajivunia kuliko mtu aliyeshinda kombe.

Chuma cha chini ya kiatu huchongwa kijifereji katikati, kingo zipate kung'ata barafu. Wachezaji wengi wanataka kijifereji chenye kina. Kipa anataka kidogo tu, ateleze huku na huku bila kukwama. Kwa hiyo mashine ilikuwa na mawe mawili, na jiwe la kipa likifungwa, utepe mwekundu unafungwa kwenye mpini. Utaratibu huo aliuweka Toivo. Irja aliuzoea tangu utotoni: kama hakuna utepe, noa.

Mwezi wa kwanza akaja Wendell Kostiuk, beki kutoka Saskatchewan, miaka thelathini na mitatu, magoti yakilia kila akipanda ngazi. Kocha alimpa mechi tatu za majaribio. Akifaa, mkataba mpaka mwisho wa msimu. Asipofaa, arudi shambani kwa kaka yake akalime ngano. Wiki ya kwanza haijaisha akawa anashinda mlangoni kwa Irja.

"Viatu vyako nilivinoa jana, bwana," Irja alimwambia.

"Naona kimoja kimepoteza makali."

"Kipi?"

Akafikiri. "Cha kushoto."

"Ulichoshika ni cha kulia."

Nilicheka mpaka nikaangusha sabuni. "Wendell!" nikapiga kelele ukutani. "Mwambie tu unampenda, wenzako tuna kazi!"

Irja aliiwasha mashine kwa nguvu isiyokuwa na sababu.

Mechi ya tatu ilikuwa Jumamosi mchana. Irja alikuwa amemaliza kiatu cha kushoto cha Wendell, maana kwa Wendell lazima kianze cha kushoto, ndipo kipa akaja mbio na viatu vyake. Irja akabadilisha jiwe, akafunga utepe, akamnolea kipa. Hajarudisha jiwe lile jingine, Wendell huyo, kaleta boksi la persian, yale maandazi yetu ya sukari ya pinki. Wakasimama koridoni wakala, wanaoneana haya kama watoto wa shule.

Mimi nikaona mambo yanakwenda polepole mno. Nikaingia chumbani kwa Irja, nikaufungua ule utepe mpinini, nikaenda kuufunga kwenye boksi lao, fundo kama la zawadi ya harusi. "Haya, mahari hiyo," nikasema. Wakacheka, wakawa wekundu wote wawili. Nilijiona mjanja sana.

Irja akarudi kazini uso bado unawaka, akatazama mpini, hakuna utepe. Akanoa kiatu cha kulia kwa jiwe la kipa.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, mabao mawili kwa mawili, Wendell aligeuka kumzuia mshambuliaji, mguu wa kulia ukakimbia peke yake. Akakaa chini kwenye barafu mbele ya watu elfu tatu. Yule akampita, akafunga. Watu walicheka. Mmoja karibu yangu alipaza sauti, "Mpelekeeni babu kiti!"

Mechi ikaisha hivyo. Irja alikichukua kile kiatu akapitisha chuma juu ya ukucha wa kidole gumba kupima makali, mara moja, mara mbili. Kisha macho yake yakaenda kwenye pipa la taka, boksi limo humo na utepe wake. Akaniangalia. Mimi nikabeba kikapu cha mataulo nikaondoka.

Jumatatu asubuhi Wendell alikuja kukusanya vitu vyake. Niliwasikia kupitia ukutani.

"Nisamehe," Irja alisema. "Hukuanguka wewe. Ni mkono wangu."

"Najua. Nilijua hatua ya kwanza tu."

"Na hukutoka nikinoe upya?"

"Ningetoka ningekupa kiatu mbele ya kocha na uwanja mzima. Wakati jina la baba yako linatajwa humu kila siku."

"Ukaona bora wakuite babu?"

"Magoti yangu yalishaanza kuniita hivyo."

Irja alilia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata siku ya kumzika Toivo.

Kwetu hapa, aliyeiponza timu, hata kama anaondoka, anazunguka uwanja peke yake kabla ya mazoezi, wenzake wakigonga barafu kwa fimbo zao. Asubuhi hiyo Wendell alikuwa ameshaanza kuzunguka kwa viatu vya akiba, wakati Irja alipoingia kwenye barafu na mabuti ya mpira, kile kiatu cha kulia mkononi.

"Kocha, mwache. Nilimnolea kwa jiwe la kipa."

Fimbo zikanyamaza. Pelletier akakitazama kiatu. "Kwani utepe haukuwepo?"

Nilikuwa nimesimama langoni na chupa za maji, hatua kumi hivi. Irja hakugeuka upande wangu.

"Anayenoa ni mimi," alisema. "Sikuangalia."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Kisha nikaufunga.

"Basi lete ufunguo wa chumba cha mashine," kocha alisema taratibu. "Na mzunguko ni wako."

Akaanza kuzunguka na yale mabuti, anayumba. Wendell akamfikia, akampa kiwiko ashike, wakaenda pamoja. Fimbo zikaanza tena kugonga, na safari hii wavulana walikuwa wanashangilia.

Wendell alipata mkataba wake. Irja aliletwa kwangu kukunja mataulo mpaka msimu uishe, na mashine akapewa mtu mwingine. Miezi mitatu tulikaa meza moja. Kila asubuhi nilijiambia leo nitakwenda kwa kocha, na kila jioni nilikuwa na sababu. Yeye hakuniuliza kitu. Aliniletea kahawa, ya maziwa, ninavyopenda.

Walioana mwezi wa nane kando ya ziwa. Ulipofika wakati wa pete Irja alitafuta mtu wa kumshikia maua, akawapita mashangazi zake wote, akaja moja kwa moja kwangu. Shada lilikuwa limefungwa kwa ule utepe mwekundu. Ulikuwa umefuliwa na kupigwa pasi.

"Shika vizuri, dada Lorna," alisema.

Nikashika. Watu wakasema tazameni urafiki huo. Walioniona nikilia walidhani nafurahia harusi.