Waliosukuma Tukutuku

Vita vya Wazungu vilipokwisha, Abdulatifu alikuwa na duka la nguo Rugu, na barazani mwa duka alikuwa na cherehani yake. Baba yake alitoka Pangani na msafara wa pembe, akafika Karagwe, akaoa Mnyambo wa huko, na pwani hakuiona tena. Abdulatifu mwenyewe hakupata kuiona bahari. Alisali kwa Kiarabu, akauza kwa Kiswahili, na alipogombana na mkewe Mwaja waligombana kwa Kinyambo, kwa kuwa ndiko maneno yao makali yalikokuwa.

Watu walimjua kwa mikono yake. Cherehani iliyokataa kushona ililetwa kwake hata kutoka mbali, naye aliifungua, akaipangusa, akaitia mafuta, kisha akakaa kimya akiisikiliza mpaka akajua inaumwa wapi. Hakuwa mtu wa pupa. Ndiyo maana Mwaja alishangaa mumewe aliponunua pikipiki kabla hajaisikia ikinguruma.

Aliyeileta alikuwa mgeni, jina lake Abdulrahim, tarishi wa jeshi aliyeachiliwa kazi. Alisema ameinunua Bukoba kwenye mnada wa vitu vya vita, na alitaka kuipanda mpaka kwao Tabora. Lakini alifika Rugu akiisukuma, macho mekundu, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho ingawa kulikuwa na ubaridi wa mvua. Aliomba wanaume wa kumchukua kwa machela, na pikipiki akaitaja bei ndogo mno. Mwaja alimpikia uji wa tangawizi. Akanywa kidogo, akakohoa, akakirudisha kikombe.

"Mtu hauzi miguu yake akiwa safarini," Mwaja alimwambia mumewe walipokuwa peke yao. "Muulize ana nini."

Abdulatifu hakuuliza. Alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya ile mashine, kidole kwenye ukanda wake wa ngozi unaozungusha gurudumu, na alikuwa anawaza Kaisho. Binti yake Asia, mtoto wake pekee, alikuwa ameolewa huko na mfanyabiashara kijana aitwaye Seif, na mwezi ule alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kwa miguu, na goti la Abdulatifu lilivyokuwa, safari ya Kaisho ilikuwa adhabu. Alilipa. Abdulrahim alimwonyesha mahali pa kutia petroli na pa kutia mafuta, akalazwa kwenye machela, wakaondoka naye. Hakusikika tena.

Siku zilizofuata Abdulatifu alifunga duka mapema na kuipekua ile mashine kama alivyozoea kupekua cherehani. Haikuwa na ubovu mkubwa. Ilikuwa na visirani. Bomba la petroli lilivuja tone kwa tone, akaliziba kwa sabuni ya kufulia. Plagi ilijaa masizi, akaikwangua kwa ncha ya mkasi. Ukanda uliteleza kila ulipopata maji, akaukata kidogo, akatoboa tundu jipya, akaufunga tena ukakaza. Mpira wa honi ulikuwa umepasuka, akaushona kwa uzi wa viatu. Kimoja tu kilimshinda. Mashine haikuwaka mpaka isukumwe kwa mbio, na goti lake halikuweza mbio. Ilihitaji watu wawili au watatu nyuma yake, wasukume kwa nguvu, na ikishika watoe kelele za furaha. Watu wa Rugu waliiita tukutuku kwa sababu ya mlio wake, na hakukosekana mtu wa kusukuma. Waligombania nafasi.

Mwaja alimwambia asubiri. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi. Abdulatifu alimtafutia majani ya kuchemsha, akamwachia maji na kuni karibu, akaahidi kurudi upesi kwa kuwa sasa anayo miguu ya chuma. Akasukumwa, akaondoka.

Njia ilikuwa ile iliyopanuliwa wakati wa vita kwa ajili ya wapagazi wa jeshi, nyekundu na yenye utelezi. Mashine ilikwenda vizuri mpaka kwenye bonde la kwanza, ikakohoa, ikanyamaza. Masizi tena. Juu kidogo kulikuwa na kibanja cha mtu aitwaye Katabaro, mkulima mwenye migomba mingi na wana wakubwa. Senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameanza kuanguka, na nyumba nzima ilikuwa nje ikiwakamata na kuwatia vikapuni, watu wakicheka. Walipoona tukutuku waliviacha vikapu. Katabaro alimshika Abdulatifu mikono yote miwili kwa salamu ndefu, akamwambia atalala kwake, na hakuna la kubishana.

Usiku kucha Abdulatifu alikohoa. Alidhani ni moshi wa petroli. Alilala chumba kimoja na wana wa mwenyeji, wakimuuliza maswali juu ya mashine mpaka usingizi ukawachukua. Asubuhi aliisafisha plagi, na wana wote wa Katabaro wakasukuma, na baba yao naye, na majirani. Walikwenda nayo mbali wakikimbia, vifua vikihema, wakimwinamia mgongoni.

Mahali pa pili ukanda ulikatika. Hapo alikuwa hajui tena kama kinachotetemeka ni mashine au ni yeye. Mjane mmoja, Kokubanza, alimkuta ameketi kando ya njia akijaribu kutoboa ngozi, kisu kikimponyoka. Alimchukua kwake. Abdulatifu alilala pale siku nyingi asizoweza kuzihesabu, mifupa ikimuuma kama inavunjika, damu ikimtoka puani, na Kokubanza akimlisha mchuzi wa maharage kwa kijiko kama mtoto. Majirani waliingia kumwona mgonjwa, kama ilivyo desturi. Waliketi karibu naye, wakampa pole, wakatoka.

Homa ilipomwachia alikuwa mwepesi kama ganda. Alitoka nje, akaketi juani, akaanza kuushona ule ukanda polepole kwa sindano nene. Kazi ile ilimrudishia akili. Alikuwa ameshona nusu alipopita mchuuzi wa chumvi akitokea kusini. Yule mtu hakukaribia. Alisimama mbali, shuka amelifunga puani, akauliza kama kile chombo ni chake.

Abdulatifu akasema ni chake.

"Basi ujue," mchuuzi alisema. "Kwa Katabaro hakuna anayekamua ng'ombe. Waliosukuma wote wamelala. Katabaro amezikwa juzi."

Hakungoja jibu. Aliacha njia, akapita porini, akazunguka nyumba ya Kokubanza kwa mbali kabla ya kurudi njiani.

Abdulatifu alibaki na sindano mkononi. Alianza kuifuata ile safari kwa mawazo, kuanzia nyuma: Kokubanza, Katabaro, watu wa Rugu, Mwaja na kichwa chake, kikombe cha uji alichokirudisha Abdulrahim. Kila mahali mashine ilipokataa kwenda, watu walikuja, wakamshika, wakamhemea, wakamlaza ndani. Laiti ingekuwa nzima, angewapita wote kwa mbio na vumbi. Ndani ya nyumba, nyuma yake, Kokubanza alikohoa.

Habari ya mchuuzi ilienea jioni hiyohiyo. Watu walisema moshi wa tukutuku una sumu ya vita, kwamba Wazungu waliifungia humo hewa ya kuulia watu. Hawakumpiga. Walisimama kwenye ukingo wa migomba, wakamtuma mzee mmoja aseme kwa sauti, kwa mbali, kwamba aondoke na chombo chake. Abdulatifu alimwomba Kokubanza msamaha. Mjane alikuwa amejifunika nguo mkekani, macho yanang'aa kwa homa. Alimwambia mgeni haombi msamaha kwa kuugua, aende akamwone mjukuu wake.

Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyeigusa. Alimaliza kuushona ukanda, akaipangusa plagi, akaikokota mashine mwenyewe mpaka penye mteremko, akipumzika kila hatua chache, akaielekeza chini, akapanda, akaiachia. Ikashuka kimya ikiongeza mwendo, matope yakiruka, naye akaitia moto. Ikawaka.

Ikawaka jinsi isivyowahi kuwaka. Ukanda ulishika, plagi ilikuwa safi, bomba halikuvuja tone, na mlio ulikuwa mmoja, mzito, usio na kikohozi. Alisikiliza kwa lile sikio lake la fundi, akajua kwamba mashine imepona. Ingemfikisha Kaisho bila kusimama. Alipita nyumba baada ya nyumba, na nyingine hazikutoa moshi, ingawa ilikuwa saa ya kupika. Penye kisima alimwona mwanamke ameketi kando ya mtungi mtupu, kichwa juu ya magoti. Hakuinua uso tukutuku ilipompita.

Alipofika kwenye kilima kinachoitazama Kaisho alikuwa analia, na hakujua alianza wapi. Bonde lilikuwa chini yake, na ng'ambo ya kijito migomba, na juu ya migomba moshi wa jioni, moshi mwingi, wa nyumba zote. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani, alipokuwa mdogo, alifundishwa kwamba nchi yenye tauni haiingiliwi, na aliyemo hatoki. Wakati huo lilikuwa somo tu, la kusoma na kuitikia. Sasa alijua kwamba yeye ndiye aliyetoka.

Alifunga petroli. Mashine ikanguruma kidogo, ikazima. Alijua kwamba hapo juu, palipo tambarare, hana wa kumsukuma.

Watoto wachunga ng'ombe ndio waliokuwa wamesikia mlio kwanza, wakakimbia, kisha watu. Seif, mkwewe, alivuka mashamba kwa furaha, mikono ameinua. Abdulatifu alimsimamisha kwa ukali ambao kijana hakuwahi kuusikia kwake, akamwambia asivuke kijito.

"Shikamoo, baba," Seif alisema, amesimama na mguu mmoja majini. "Kuna kosa gani?"

"Marahaba. Rudisha mguu. Nimebeba ugonjwa, na nyuma yangu watu wanakufa. Fungeni njia hii. Asije mtu kutoka kusini, asiende mtu kusini, hata mimi."

Seif alisema baba amechoka na safari, aje alale ndani, atapona. Ilikuwa aibu kumwacha mkwe porini, na alisema hivyo, na sauti yake ilianza kuumia. Abdulatifu alirudia maneno yaleyale. Mwishowe Seif alirudi nyuma. Baadaye Asia alikuja, mtoto mgongoni. Alimfungua, akamwinua juu kwa mikono miwili ili babu amwone. Ng'ambo ile hakuonekana zaidi ya kichwa cheusi na kitambaa cheupe. Abdulatifu aliuliza jina lake. Asia akajibu kwamba walikuwa wanamngoja yeye ampe.

Alilala kwenye kibanda cha walinzi wa mahindi, upande wake wa kijito. Kila siku waliweka chakula juu ya jiwe kando ya kijito, wakaondoka, naye akashuka kukichukua. Alipokwisha kupata nguvu ya kutembea, aliwaaga kwa kupaza sauti, akageuka kusini kwa miguu, goti na yote. Tukutuku aliiacha kibandani.

Alimkuta Kokubanza amepona, amekonda, analima. Kwa Katabaro alikuta makaburi yamechimbwa juujuu kwa kukosa watu wa kuchimba, akakaa akayachimba vizuri pamoja na mwana mmoja aliyesalia. Wale waliosema ndiye aliyeuleta ugonjwa hakubishana nao. Alipofika Rugu, Mwaja alikuwa hai. Aliketi barazani ameegemea ukuta, pumzi fupi, na pumzi yake ilibaki fupi maisha yake yote. Hakumkaripia. Alimwambia tu nani na nani hawapo, mmoja baada ya mwingine, wengi wao wale waliogombania nafasi ya kusukuma.

Njia ya kusini ilifungwa Kaisho kama alivyoagiza. Kwa kuwa ilifungwa, Seif alikosa bidhaa, akaenda Murongo kutafuta chumvi na nguo kwa wachuuzi waliovuka kutoka Uganda. Ugonjwa ulikuwa umefika Murongo kwa njia nyingine. Alirudi na mzigo, akalala, hakuamka. Wengine Kaisho walimfuata, si wengi kama kwingine. Asia na mtoto hawakuguswa.

Eda ilipokwisha, Asia alifunga safari na wapagazi mpaka Rugu, mtoto mgongoni, sasa amekwisha kuota meno. Alimwamkia mama yake, akakaa naye sana. Jioni alimfuata baba yake barazani, akaketi mkekani. Cherehani ilikuwa imefunguliwa mbele ya mzee, vipande vimepangwa juu ya kitambaa, lakini hakuwa akifanya kazi.

"Baba," Asia alisema, "siku ile ungevuka kijito ukaja ndani, Seif asingekwenda Murongo."

"Asingekwenda."

"Angekuwa hai?"

Abdulatifu alitazama mikono yake. Alisema hajui. Alisema amejiuliza kila alipoamka tangu habari ilipomfikia, na kila siku jibu lilikuwa lingine.

Asia alisogea karibu naye. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa babu yake. Abdulatifu hakuthubutu kumshika mara moja. Alijifuta mafuta ya mashine vidoleni kwa upindo wa kanzu, kidole kwa kidole, na mtoto akamngoja, akimtazama.